Samoni wa mtoni: Namna ya kuchagua ufito, ndoana na chambo cha samaki asiyekula

MVUVI anayetupa ndoana katika Ziwa Victoria huwa na hakika moja: samaki aliye chini ya maji ana njaa, na kitakachomleta ni chakula. Ndiyo maana hutafuta nyungunyungu au samaki wadogo, akawatunga kwenye ndoana, kisha akasubiri.

Katika mito ya Scotland, hakika hiyo haimfai mtu kitu. Samoni wa Bahari ya Atlantiki akishaingia mtoni kutoka baharini huacha kula. Anaweza kukaa majini humo miezi kadhaa, akiishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini, hadi siku ya kutaga mayai.

Hata hivyo, kila mwaka maelfu ya samoni hunaswa kwa ndoana katika mito ya Tay, Tweed, Dee na Spey. Swali la kwa nini samaki asiyekula hukamata chambo limewashughulisha wavuvi na wanasayansi kwa muda mrefu, na jibu lake ndilo msingi wa uchaguzi wote wa vifaa vya uvuvi huu.

Siku hizi swali la pili limeongezeka. Kwa kuwa samoni wamepungua mno, mvuvi hatakiwi tu kujua chambo kipi kitamnasa samaki, bali pia kipi kitamwacha hai baada ya kunaswa.

SAFARI YA SAMONI

Samoni huzaliwa mtoni, kwenye changarawe iliyo chini ya maji baridi yanayokwenda kasi. Huko Scotland, wengi wao hukaa mtoni miaka miwili au mitatu wakila wadudu, kisha hubadilika rangi wakawa kama fedha na kushuka baharini.

Baharini husafiri hadi maeneo ya Visiwa vya Faroe na Greenland, ambako hula kwa wingi na kunenepa haraka. Anayerudi baada ya majira moja tu ya baridi baharini huwa na uzani wa kilo mbili hadi tatu hivi, ilhali aliyekaa huko miaka miwili au zaidi anaweza kupita kilo tano au hata kumi.

Wakati wa kurudi ukifika, samaki huyu huutafuta mto aliozaliwa, na hisi ya kunusa ndiyo humwongoza katika hatua za mwisho za safari. Akiingia kwenye maji matamu, tumbo lake husinyaa na hamu ya chakula hutoweka.

Kuhusu sababu ya kukamata chambo, wataalamu hawana kauli moja. Wapo wanaosema ni mazoea ya utotoni, alipokuwa akikamata kila mdudu aliyepita. Wengine wanasema ni hasira ya kulinda mahali pake, na wengine kwamba ni udadisi tu, kwani samaki hana mikono ya kugusia kitu ila mdomo wake.

Lolote liwalo, wavuvi wenye uzoefu wanakubaliana kuhusu jambo moja. Samoni hashawishiwi kwa utamu wa chambo. Hushawishiwi kwa kitu kinachopita karibu naye, kwa kina kinachofaa, kwa mwendo unaofaa na kwa ukubwa unaolingana na hali ya maji ya siku hiyo.

Kwa sababu hiyo, mvuvi mwenye kisanduku kilichojaa vyambo vya kila rangi lakini asiyeusoma mto atarudi nyumbani mikono mitupu, ilhali jirani yake mwenye vyambo vitatu tu, lakini anayejua kuviteremsha hadi alipo samaki, atakuwa na la kusimulia.

UFITO NA MSHIPI

Mito mikubwa ya Scotland ni mipana, na samoni mara nyingi hukaa katikati ya mkondo au karibu na ukingo wa pili. Kwa hivyo ufito wa kawaida wa kuvulia samoni kwa nzi wa bandia huwa mrefu, kati ya mita 3.7 na mita 4.6, na hushikwa kwa mikono miwili.

Zamani fito hizi zilitengenezwa kwa mbao ngumu zilizotoka Guyana, kisha zikaja za mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ziliingia fito za nyuzi za kioo, na tangu miaka ya 1970 zile za nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na zenye nguvu, zimechukua nafasi ya nyingine zote.

Ni muhimu kufahamu tofauti ya aina mbili za urushaji. Katika uvuvi wa nzi wa bandia, chambo hakina uzito wa maana, hivyo mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, ndio unaorushwa na kukibeba chambo. Katika uvuvi wa vyambo vya chuma, chambo ndicho kizito, nacho huuvuta mshipi mwembamba nyuma yake.

Ukingo wa mto ukiwa na miti au mwinuko, mshipi unaorushwa nyuma hunasa matawini. Wavuvi wa Mto Spey walilitatua tatizo hilo katika karne ya 19 kwa kubuni urushaji ambao mshipi haupiti nyuma kabisa, bali hujikunja kama kitanzi kando ya mvuvi kisha ukafyatuka mbele. Mtindo huo unaitwa Spey hadi leo, na umeenea duniani kote.

Mishipi yenyewe ni ya aina tatu kuu: inayoelea, inayozama polepole na inayozama haraka. Wavuvi wengi pia hubeba vipande vifupi vinavyozama, ambavyo huvifunga mbele ya mshipi unaoelea ili kubadilisha kina bila kubadilisha mshipi mzima.

Mwishoni mwa mshipi hufungwa uzi wa nailoni usioonekana kwa urahisi majini. Kwa samoni, uzi huo unapaswa kuhimili kati ya ratili 10 na 20, yaani takriban kilo 4.5 hadi 9. Uzi mwembamba mno hukatika na kumwacha samaki na ndoana mdomoni, jambo ambalo ni hasara kwa mvuvi na mateso kwa samaki.

Gurudumu la kukunjia mshipi nalo halina budi kuwa na breki laini na nafasi ya kutosha. Samoni aliyenaswa huweza kukimbia mita nyingi kwa mkupuo mmoja, hivyo chini ya mshipi mkuu huwekwa akiba ya uzi wa mita 100 au zaidi.

NZI WA BANDIA

Jina nzi linaweza kumpotosha msomaji. Chambo hiki hakifanani na nzi wa jikoni, na katika uvuvi wa samoni aghalabu hakiigi mdudu yeyote. Ni ndoana iliyovishwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi zing'aazo, ili ikipita majini ionekane kama kitu chenye uhai.

Katika enzi ya Malkia Victoria, kuunda nzi wa samoni kuligeuka sanaa ya matajiri. Manyoya ya ndege wa Asia na Amerika Kusini yaliyofika Uingereza kwa meli yalifungwa kwa mpangilio uliofuatwa kwa makini. Kitabu cha George Kelson kuhusu nzi wa samoni, kilichochapishwa mwaka 1895, kiliueneza mtindo huo, na majina kama Jock Scott na Green Highlander yangali yanatajwa.

Mapenzi ya manyoya hayo yamewahi kuzaa uhalifu. Mnamo Juni 2009, ngozi 299 za ndege ziliibwa katika jumba la makumbusho lililoko Tring, Uingereza, na mwizi alikuwa kijana aliyebobea katika kuunda nzi hao wa kale. Baadhi ya ndege hao walikuwa wamekusanywa na mwanasayansi Alfred Russel Wallace katika karne ya 19.

Samoni mwenyewe hakuwahi kudai manyoya ya thamani. Nzi wanaotumika zaidi leo hufungwa kwa nywele za mkia wa kindi, za paa au za mbuzi, na hunasa samaki sawasawa na wale wa kifahari, ama hata kuwashinda.

Miongoni mwa wanaotajwa sana ni Willie Gunn, mwenye nywele nyeusi, nyekundu na njano; Stoat's Tail, ambaye ni mweusi na mdogo; Ally's Shrimp, mwenye rangi ya machungwa na umbo la kukumbusha uduvi; na Sunray Shadow, mrefu na mweusi, ambaye huvutwa kwa kasi juu ya maji.

Wengine hawafungwi kwenye ndoana bali kwenye mrija mwembamba wa plastiki, shaba au alumini. Uzi hupitishwa ndani ya mrija na ndoana hufungwa mwishoni. Mvuvi anaweza kubadilisha uzito wa chambo kwa kubadilisha mrija, na samaki akinaswa, mrija huteleza juu ya uzi usimpe nguvu ya kuing'oa ndoana.

Hapa ndipo Kenya inapoingia katika habari hii. Kwa miongo mingi, mafundi wa Kenya, wengi wao wanawake, wamekuwa wakifunga nzi wa bandia kwa mikono katika karakana za Nairobi na kwingineko, kisha nzi hao wakasafirishwa hadi Uingereza, bara Ulaya na Amerika Kaskazini. Huenda nzi anayepita mbele ya samoni katika Mto Tay alifungwa na mtu ambaye hajawahi kumwona samaki huyo akiwa hai.

VYAMBO VYA CHUMA NA MBAO

Mto ukiwa umefura na maji kuchafuka, nzi wa bandia haonekani kwa urahisi. Wakati huo wavuvi, mahali panaporuhusiwa, hutumia vyambo vizito vinavyong'aa au kutikisika.

Kundi la kwanza ni la vijiko, yaani vipande vya chuma vilivyopindwa ambavyo huyumba huku na huku vinapovutwa. Maarufu zaidi ni Toby, kilichotengenezwa na kampuni ya ABU ya Uswidi. Kundi la pili ni la visahani vinavyozunguka kwenye waya, kama vile Mepps vya Ufaransa, vilivyoanza kutengenezwa mwaka 1938.

Kundi la tatu ni la samaki wa bandia wa mbao au plastiki. Rapala wa Ufini, aliyebuniwa na mvuvi Lauri Rapala katika miaka ya 1930, huyumba kama samaki aliyejeruhiwa. Devon, chambo cha kale cha Uingereza, kina mapezi mawili yanayokifanya kizunguke mfululizo. Chambo kama hiki hudai kiungo kinachozunguka kati yake na mshipi, la sivyo mshipi wote utasokoteka.

Ufito wa kazi hii ni mfupi zaidi, wa mita 2.7 hadi 3.3, na gurudumu lake ni lile linalotoa uzi bila lenyewe kuzunguka. Chambo hurushwa kuvuka mto, kikaachwa kizame kidogo, kisha kikarudishwa polepole. Kosa la wanaoanza ni kukivuta mbiombio, kwani mkondo wenyewe hukipa mwendo wa kutosha.

NYUNGUNYUNGU, KAMBA NA MAYAI

Ingawa samoni hali mtoni, hukamata pia vyambo vya asili. Nyungunyungu waliotungwa kwenye ndoana na kuteremshwa kwa chubwi hadi chini ya kilindi wamewanasa samoni tangu zamani. Vivyo hivyo kamba na uduvi waliochemshwa na kutiwa rangi.

Kamba ana sifa ya ajabu. Akiteremshwa kwenye kilindi chenye samoni, mara nyingine samaki humvamia kwa ghadhabu, na mara nyingine kilindi kizima hutimka. Kwa sababu hiyo, wenye kuvua kwa nzi huchukia kumwona mtu akivua kwa kamba upande wa juu wa mto.

Samoni mkubwa kuliko wote walionaswa kwa ufito nchini Uingereza alikamatwa kwa chambo cha samaki mdogo aliyezungushwa majini, si kwa nzi. Mnamo Oktoba 7, 1922, Georgina Ballantine, akiwa mashuani pamoja na babake katika Mto Tay, alipambana kwa takriban saa mbili na samoni wa ratili 64, yaani kilo 29. Rekodi hiyo haijavunjwa kwa zaidi ya karne moja.

Hata hivyo, vyambo vya asili vina dosari kubwa. Samaki humeza nyungunyungu hadi kooni, na ndoana iliyofika huko haitoki bila kumwumiza matamvua au tumbo. Nzi wa bandia na chambo cha chuma kwa kawaida hunasa kwenye midomo, ambako kidonda hupona.

Kwa hivyo mito mingi imepiga marufuku nyungunyungu, kamba na uduvi, ama kwa sheria ama kwa kanuni za wenye mito. Kuvua kwa mayai ya samaki ni kosa la jinai kote Scotland.

Huko Alaska, mayai ya samoni huruhusiwa kama chambo katika baadhi ya mito na kwa nyakati maalumu, na hufungwa ndoanani yakiwa yametiwa chumvi na rangi. Samoni wa Pasifiki ni jamaa tofauti, naye hufa mara tu baada ya kutaga. Mvuvi asichukue desturi ya mto mmoja akaipeleka kwenye mwingine.

MAJI NDIYO HUAMUA

Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika mkoba wa mvuvi wa samoni ni kipimajoto, nacho huenda kikawa chenye faida zaidi.

Samoni ni kiumbe ambaye joto la mwili wake hufuata la maji. Maji yakiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kama ilivyo mwezi Februari, samaki huwa mzito wa mwendo na hukaa chini kwenye vilindi vilivyotulia. Hatasafiri kukifuata chambo. Mvuvi hutumia mshipi unaozama na nzi mkubwa wa sentimita tano hadi nane, akimpitisha polepole karibu na pua ya samaki.

Kati ya nyuzi 5 na 10, samaki huchangamka. Nzi hupunguzwa ukubwa na kina hupungua. Juu ya nyuzi 10, wavuvi wengi hubadilisha na kutumia mshipi unaoelea na nzi wadogo wenye urefu wa sentimita mbili au tatu, kwa kuwa sasa samaki huweza kupanda juu kukifuata chambo.

Aliyeufanya mtindo huu wa maji ya juu ujulikane ni Arthur Wood, aliyevua katika eneo la Cairnton kwenye Mto Dee mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo mishipi ilikuwa ya hariri, nayo ilizama. Wood aliipaka grisi ili ielee, akamwacha nzi mdogo apite karibu kabisa na uso wa maji.

Yakipita nyuzi 18, oksijeni huanza kupungua majini, na samaki aliyechoshwa kwa kupambana na ufito anaweza kufa hata akirudishwa. Kwenye mito mingi wavuvi hushauriwa wasivue kabisa maji yakikaribia nyuzi 20.

Kina na rangi ya maji navyo vina kauli yao. Mito ya nyanda za juu za Scotland hupita kwenye udongo wa mboji, na baada ya mvua maji yake huwa na rangi ya chai ya rangi. Humo nzi wa rangi ya machungwa, njano au nyekundu huonekana vyema. Maji yakiwa meupe na machache, mweusi mdogo ndiye anayefaa.

Saa bora kuliko zote ni pale mafuriko yanapoanza kupungua na maji kutakata. Samoni wapya huwa wamepanda kutoka baharini na wametua kupumzika. Idara ya mazingira ya Scotland, SEPA, huchapisha vipimo vya kina cha mito kwenye mtandao, na wavuvi huvitazama kabla ya kutoka nyumbani.

NAMNA YA KUVUA

Utaratibu wa kuvua kwa nzi ni rahisi kueleza ingawa huchukua miaka kuujua. Mvuvi husimama upande wa juu wa kilindi, akarusha mshipi kuvuka mto na kuelekea chini kidogo. Mkondo huuchukua mshipi, na nzi husafiri kwa mwendo wa upinde hadi ukingoni. Kisha mvuvi hupiga hatua moja au mbili kuteremka mto, akarusha tena.

Kwa njia hiyo, kilindi chote hupitiwa na hakuna samaki asiyeonyeshwa chambo. Anayekaa mahali pamoja akirusha mara mia huwaonyesha samaki walewale kitu kilekile, na huwazuia wenzake wanaosubiri zamu nyuma yake.

Samoni akikamata nzi, kishawishi cha kwanza ni kuuvuta ufito kwa nguvu. Hilo ni kosa. Samaki huyu huchukua chambo kisha akageuka kurudi alikokuwa, na ni katika kugeuka huko ndipo ndoana hujishika kwenye pembe ya mdomo. Mvuvi hungoja asikie uzito, kisha huinua ufito taratibu.

SHERIA NA MASHARTI

Nchini Scotland, kuvua samoni bila kibali cha maandishi cha mwenye haki ya uvuvi ni kosa la jinai. Kuvua samoni siku ya Jumapili pia hakuruhusiwi, na kila mto una msimu wake. Tay hufunguliwa Januari 15 na kufungwa Oktoba 15, ilhali Tweed huanza Februari 1 na kuendelea hadi Novemba 30.

Chambo nacho kinaweza kubadilishwa na kalenda. Katika Tweed, nzi wa bandia pekee ndiye anayeruhusiwa mwanzoni mwa Februari na tena kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa msimu. Mgeni aliyebeba sanduku la vijiko wakati huo atakuwa ameubeba mzigo wa bure.

Sheria nyingine zimetokana na hali ya samaki wenyewe. Mwaka 2010, wavuvi wa fito nchini Scotland walinasa zaidi ya samoni 100,000. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa takriban 32,500, ambayo ilikuwa ya chini kuliko zote tangu takwimu zilipoanza kuwekwa mwaka 1952.

Mnamo Desemba 2023, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba samoni wa Atlantiki wamo karibu na hatari ya kutoweka duniani, na kwamba wale wa kisiwa cha Uingereza tayari wamo hatarini. Sababu zinazotajwa ni pamoja na kuongezeka kwa joto la bahari na mito, mabwawa yanayozuia njia, uchafuzi, na chawa wa samaki wanaoenea kutoka kwenye vizimba vya ufugaji.

Tangu mwaka 2015, kila samoni anayenaswa Scotland kabla ya Aprili 1 lazima arudishwe majini. Baada ya tarehe hiyo, mito hupangwa kwa madaraja kila mwaka, na ile yenye samaki wachache hairuhusiwi kuchukuliwa hata mmoja. Kutokana na sheria hizo na hiari ya wavuvi, zaidi ya asilimia 90 ya samoni wanaonaswa siku hizi huachiliwa.

VIFAA VYA KUMWOKOA SAMAKI

Mabadiliko hayo yamegeuza maana ya vifaa vizuri. Kulabu ya chuma iliyotumiwa zamani kumdunga samaki na kumtoa majini imepigwa marufuku. Mahali pake umekuja wavu mpana wa mkono, wenye matundu laini yasiyo na mafundo, usiokwangua magamba.

Ndoana zenye ncha tatu zimeachwa kwenye mito mingi. Badala yake hutumika yenye ncha moja au mbili, na kile kijino kinachoizuia ndoana isichomoke hubanwa kwa koleo hadi kilale. Ndoana ya namna hiyo hutoka kwa kuisukuma kidogo kwa vidole, na samaki hupoteza muda mfupi tu.

Uzi wenye nguvu na ufito imara navyo vina faida hapa. Mvuvi anayetumia vifaa dhaifu ili ajisifu kwamba alipambana kwa saa nzima humchosha samaki hadi asiweze kupona.

Samoni akishafika ukingoni, hapaswi kuburutwa kwenye mawe. Mikono iloweshwe kwanza, ndoana itolewe angali ndani ya maji, na picha, ikiwa ni lazima, ipigwe kwa sekunde chache. Kisha samaki ashikwe kwa upole akielekezwa kwenye mkondo, hadi atakapojitoa mikononi mwenyewe kwa nguvu zake. Samoni jike mmoja hubeba maelfu ya mayai. Anayeachiliwa akiwa mzima mnamo Juni anaweza kuyataga Novemba.

Kabla ya kuhamia mto mwingine, viatu, nyavu na mishipi hupasa kuoshwa na kukaushwa kabisa. Kimelea kidogo kiitwacho Gyrodactylus salaris, kilichoingia Norway katika miaka ya 1970, kiliangamiza samoni wa mito kadhaa nchini humo, na Uingereza hadi sasa haijakipata. Kimelea hicho kinaweza kusafiri kwenye kifaa kilicholowa.

JAMAA WA SAMONI NCHINI KENYA

Samoni hawapatikani katika mito ya Kenya, lakini jamaa yao wa karibu yupo. Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland na kuwapandikiza katika Mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Leo trauti hupatikana katika mito kadhaa ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Mtu aliyejifunza kurusha nzi kwenye Gura anaweza kuhamisha ujuzi wake hadi Tay, mradi abadilishe mambo mawili. La kwanza ni vifaa. Mto wa milimani huhitaji ufito wa mkono mmoja wa mita 2.4 hadi 2.7, na uzi unaohimili kilo mbili tu hutosha.

La pili ni fikira. Trauti hula mtoni kila siku, kwa hivyo nzi wake huundwa ili afanane na mdudu anayeliwa wakati huo, na mvuvi hutazama kwanza ni wadudu gani wanaoruka juu ya maji. Kwa samoni hakuna mdudu wa kuiga. Kilichopo ni joto la maji, kina chake, rangi yake na kasi ya mkondo.

Kwa anayejitayarisha kwenda mto wa samoni kwa mara ya kwanza, ufito mmoja wa mita nne, mshipi unaoelea wenye vipande viwili vya kuzamisha, na nzi wa aina tatu au nne kwa ukubwa tofauti vitamtosha msimu mzima. Aongeze kipimajoto, koleo la kubania vijino vya ndoana na wavu usio na mafundo. Kisha amwulize mlinzi wa mto, kabla ya kufunga chochote kwenye uzi, ni chambo kipi kinachoruhusiwa siku hiyo.